Lori la rimoti 1/10 (kipimo cha sehemu ya kumi ya lori halisi): nataka rimu na matairi mapya, nani amewahi kufunga ya inchi 2.8?

ToroliLaMbio (mwanzisha uzi)

Wakuu, matairi ya lori langu yamekwisha kabisa. Ya nyuma yamebaki kipara, la mbele kulia limeanza kubanduka kwenye rimu, nikikata kona kwa kasi linapiga kelele kama gazeti lililonaswa kwenye feni. Lori ni Traxxas Slash 4x4, mota isiyo na brashi, betri ya seli 2. Siku nikijisikia naweka ya seli 3. Naendesha kwenye udongo mgumu wenye changarawe na kwenye majani mafupi. Lami mara mojamoja.

Sasa kila nikitafuta matairi nakutana na namba tu: 2.2/3.0, 2.8, 3.8, 12, 14, 17. Macho yangu yameangukia yale makubwa ya inchi 2.8, kipenyo cha tairi milimita 140, lori linasimama kama dume. Haya ya sasa nimepima kwa kalipa, ni 108. Je, yataingia? Yana ubaya gani? Na ninunue yaliyokwisha gundishwa kwenye rimu au nigundishe mwenyewe?

Spana7

Naweka kambi hapa. Tamaa kama hiyo yako iliniulia shafti mbili.

MzeeGia

Tuanze na hizo namba, maana ndizo zinazofanya watu wanunue vitu vya kupamba kabati.

12, 14, 17 ni milimita za heksi, kile kipande cha pembe sita kinachokaa kwenye ekseli na kuzama kwenye tundu la nyuma ya rimu. Unapima bapa hadi bapa, si kona hadi kona. Malori mengi ya 1/10 yana 12, na lako limo. 14 utaikuta kwenye T-Maxx na ndugu zake wa zamani. Ya 1/8 na mengine mazito ni 17. X-Maxx yeye amejitenga na 24 yake. Heksi isipolingana hakuna kubembeleza, ama utafute rimu nyingine ama ufunge adapta, na adapta nyingi zinasukuma gurudumu nje zaidi. Hilo la kusukuma nje lina kesi yake, wenzangu watalisema.

Zile za inchi ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa. Si urefu wa tairi! Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. 2.8 ni kama milimita 71, 3.8 ni 96 na nusu, 1.9 za wapanda mawe ni 48. Juu ya rimu hiyohiyo ya 2.8 unaweza kupata tairi fupi na tairi refu, kwa hiyo kila mara tafuta namba ya pili, kipenyo cha nje cha tairi lenyewe.

Rimu zako za sasa ni 2.2/3.0, yaani midomo yake hailingani: upande wa nje tairi limebanwa kwenye 2.2, upande wa ndani 3.0. Tairi la 2.8 halikai humo hata ulifunge na kamba. Kwa hiyo unanunua rimu na matairi kwa pamoja. Na usidhani kila 2.8 inaoana na kila 2.8, kwa sababu umbo la ukingo linatofautiana. Kuna ukingo wa mtindo wa Traxxas na kuna mwingine. Soma maelezo ya tairi NA ya rimu.

Panda_Mawe

Chukua 1.9 laini, sponji za tabaka mbili, rimu za kubana kwa skrubu, weka vyuma vya uzito kwenye rimu za mbele. Linapanda hadi ukutani.

Spana7

Mkuu, jamaa anakimbiza lori, wewe unamfundisha kutembea 😂

Panda_Mawe

Anayetembea hafiki makaburini mapema. Ila sawa, nimekosea uwanja. Hizo za kwangu ni za mwendo wa kobe: uzito chini, mbele, na tairi laini linaloshika jiwe kama kiganja. Ukilikimbiza hilo tairi linaisha kama kifutio.

Mlamba_Vumbi

Mimi nimefunga 2.8 kwenye Slash kama yako, mwaka wa pili huu, hakuna kilichokatika. Watu humu wanatisha sana wageni. Yaingie, kata bodi kidogo kwenye matao ya magurudumu, endesha. Lori linaruka majani ambayo zamani lilikuwa linayazamia.

MzeeGia

Mlamba Vumbi, sibishi kwamba lako limepona. Uwanja wako ni vumbi tupu, ukiminya ghafla matairi yanateleza kwanza kabla shafti haijasokotwa. Hilo vumbi ndilo bima yako. Mwenzio anazungumzia udongo mgumu, tena siku nyingine na seli 3.

Mwanzisha uzi, nipe dakika moja ya hesabu. Tairi ni gia ya mwisho kwenye lori lako, sema tu halina meno. La 108 likizunguka mara moja lori linasogea milimita 339. La 140 linasogea 440. Umeongeza karibu asilimia 30 ya mwendo kwa kila mzunguko bila kugusa mota. Ni sawa na kuvua pinioni yako (ile gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 13 na kufunga ya meno 17. Nani humu angefunga pinioni ya 17 halafu ategemee mota iwe baridi?

Kwa hiyo kama unataka 140 na unataka mota ifanye kazi ileile ya sasa, gawanya 13 kwa 1.3, unapata 10. Pinioni ya meno 10. Mwendo wa juu unarudi kule ulikokuwa, na lori limeinuka kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, milimita 16.

Lakini pinioni haiponyi kila kitu. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu unaugharimia kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Hata tairi la 140 lingekuwa na uzito uleule wa lako la sasa, kulianzisha na kulisimamisha kungetaka nguvu mara 1.7 hivi. Na haliwi na uzito uleule, huwa zito zaidi. Nguvu hiyo yote inapita kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kikombe kinachoshika shafti, shafti yenyewe na ile pini nyembamba inayoshika heksi. Ndiyo maana shafti za Spana7 zimelala.

Spana7

Zimelala pema. Moja ilikatika lori likiwa hewani, nilikuwa naminya mafuta kule juu, likatua magurudumu yakizunguka kama panga boi. Ardhi ikayasimamisha ghafla. Tak.

ToroliLaMbio

Dah. Kwa hiyo tatizo si mota tu. Nimeelewa. Vipi kama nikikaa katikati, nipate 2.8 yenye tairi fupi, tuseme kipenyo 120?

MzeeGia

Hapo sasa tunaongea. 120 inakupa mzunguko wa milimita 377, ongezeko la asilimia 11. Pinioni ya 12 inakaribia kurudisha hali ya mwanzo, ya 11 inakupa afueni hasa siku ya seli 3. Ukibadili pinioni usisahau kusogeza mota upya. Kipande cha karatasi kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma, kaza, toa karatasi. Na nunua kipimajoto cha kuelekeza, cha mwanga mwekundu. Mota ikipita nyuzi 80 za Selsiasi, pumzisha, kuna kitu umekikosea.

Beringi_Kavu

Mbona hakuna aliyegusa ofseti, yaani gurudumu linakaa ndani au nje kiasi gani?

Rimu mbili zina heksi 12, zote 2.8, lakini moja tundu la heksi limezama ndani, nyingine limekaa karibu na ukingo wa nyuma. Ukifunga ile ya kwanza gurudumu linakaa karibu na mkono wa springi. Ile ya pili linachomoza nje. Kuchomoza kunapendeza kwenye picha na lori halipinduki ovyo, hilo ni kweli. Ila kila milimita unayolitoa nje ni mtaimbo unaoibana beringi ya nje ya habu, na servo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu) nayo inaanza kulia maana gurudumu halizunguki pale lilipo, linafagia. Mimi jina langu nimelipata kwa njia hiyo.

Na upande wa ndani kuna hatari yake, rimu inaweza kusugua kipande cha usukani. Ushauri: kabla hujagundisha chochote, funga rimu tupu, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kandamiza lori hadi shokapu zilale, zungusha gurudumu kwa mkono. Kisha kushoto. Kisha rudia na tairi likiwa limevalishwa bila gundi, bodi ikiwa juu. Matao ya bodi ya Slash yalichorwa kwa matairi mafupi.

Habari njema kwako ni kwamba 4x4 inatumia ofseti moja mbele na nyuma. Wenye Slash ya magurudumu mawili, rimu za mbele na za nyuma hazifanani, msichukue seti ya nne bila kusoma.

Kifurushi

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina Stampede ya kuendeshwa nyuma tu, ya zamani kidogo. Nimenunua rimu nne za heksi 12, za nyuma zimekaa, za mbele zinacheza kwenye ekseli kama pete kwenye mwiko. Nimekosea nini?

Beringi_Kavu

Hujakosea, umenunua rimu za nyuma nne. Lori lako mbele halina heksi. Rimu ya mbele inabeba beringi mbili ndani yake na inazunguka juu ya ekseli iliyotulia. Vua rimu yako ya zamani utazikuta zimo. Tafuta rimu iliyoandikwa ya mbele kwa lori hilohilo, hamisha beringi, maliza.

Kifurushi

Nimezikuta! Asante mkuu.

ToroliLaMbio

Nakubaliana na 120. Sasa vishazi vya tairi vyenyewe, yale meno yanayoshika ardhi? Naona kuna vya miiba, vya mabonge, vya kafi, na vingine havina kitu kabisa.

Mlamba_Vumbi

Hapa niachieni mimi.

Kafi ni za mchanga na theluji, sahau. Mabonge makubwa yenye nafasi pana ni ya matope na udongo uliotifuliwa, kwenye udongo mgumu yanajikunja, lori linacheza kama limelewa, na yanaisha pembeni upesi. Miiba midogo iliyobanana ndiyo ya udongo mgumu, kwenye majani inashika vizuri tu yakiwa mafupi na makavu. Kipara kabisa ni cha lami. Wewe unayekwenda kila mahali chukua lile la vibonge vidogo vya mraba vilivyokaribiana katikati na vikubwa pembeni. Katikati inakimbia, pembeni inang'ata kona.

Ugumu wa mpira: laini unashika, unaisha. Mgumu unadumu, unateleza. Kwa changarawe chukua wa katikati. Ubonyeze kwa kidole gumba, usipokubali kabisa kuzama, achana nao.

Na matairi manne yawe na kipenyo kimoja, tafadhali. Slash 4x4 haina difu ya katikati, ukiweka makubwa nyuma na madogo mbele, mbele na nyuma vinavutana mfumo mzima hadi kitu kinyonge kisalimu amri.

Panda_Mawe

Hilo la mwisho hata sisi wa mwendo wa kobe tunalijua.

ToroliLaMbio

Na hili la gundi? Naogopa kubandika vidole.

Spana7

Utabandika, zoea.

Yaliyogundishwa kiwandani ni raha siku ya kwanza, ila yakague. Minya ukingo kwa kidole mzunguko mzima, pande zote mbili. Nimewahi kupokea seti mpya kabisa ambayo nusu ya mzunguko haikuwa na gundi hata tone. Tairi likaniaga kwenye mbio za kwanza.

Ukigundisha mwenyewe, gundi ni ile supa gluu nyepesi kama maji, siyo nzito. Kazi yenyewe haina siri, ila ina usafi. Matairi mapya hutoka na mafuta ya kalibu yake, na gundi haishiki mafuta. Osha ukingo wa tairi kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti. Mfereji wa rimu usugue kidogo kwa msasa kisha nao ufute kwa spiriti. Tia sponji ndani ya tairi, hakikisha haijajikunja (ikijikunja gurudumu litaruka kama lina goti), visha kwenye rimu, kanda kwa mikono mpaka ukingo ukae ndani ya mfereji kote. Zungusha mbele ya macho, likiyumba rekebisha sasa, baada ya gundi ni majuto.

Kisha vuta mdomo wa tairi kidogo, dondosha tone, achia, gundi inajisambaza yenyewe. Songa sentimita mbili, tone jingine. Upande mmoja, subiri, geuza, upande wa pili. Dirisha wazi, na usiinamie, ule mvuke unachoma macho. Uache usiku kucha.

Na TUNDU. Sponji iliyokaa kwenye tairi lisilo na tundu ni mto, na sponji iliyolowa maji ni jiwe. Kama rimu haina vitundu vya kupumua, toboa viwili vya milimita 2 au 3 kwenye tairi lenyewe katikati ya vishazi, pande mbili zinazokabiliana. Maji yanatupwa nje yenyewe ukikimbia. Wengine wanatumia sponji isiyonyonya maji, nzuri na hudumu, ila tundu liwepo tu.

Beringi_Kavu

Kuna wanaopenda rimu za kubana kwa skrubu ili wasiguse gundi. Kwa lori la kukimbia sizipendi. Ni nzito, nzito palepale MzeeGia alipopasema, na skrubu zinalegea.

Panda_Mawe

Zinalegea kwa asiyekaza.

ToroliLaMbio

Rimu za zamani bado nzima. Kuna njia ya kuyatoa yale matairi nikazitumia tena?

Spana7

Chemsha maji, zamisha magurudumu, yaache dakika kadhaa, gundi inalainika. Vaa glavu, menya kwa bisibisi butu kidogokidogo. Yakigoma rudisha kwenye maji. Asetoni nayo inayeyusha gundi lakini inategemea plastiki ya rimu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kwa sufuria usitumie ya kupikia, usije ukalala nje.

Mlamba_Vumbi

Kitu kimoja zaidi kwa siku zako za seli 3. Tairi lisilo na mkanda ndani linavimba kwa kasi, linakuwa jembamba na refu. Kishazi cha katikati tu ndicho kinachogusa ardhi, lori halishiki mstari, na kipenyo kimekua tena kwa hiyo gia nayo imekua. Kuna matairi yenye mkanda wa nyuzi ndani, yanabaki na umbo lake. Mazito kidogo, ila kama lami ipo kwenye ratiba yako hayo ndiyo. Wengine hupitisha utepe wenye nyuzi ndani ya tairi la kawaida kabla ya kugundisha. Nimejaribu, inasaidia, ila ukikosea kuupanga sawa unapata gurudumu la kutetemesha meno.

ToroliLaMbio

MREJESHO.

Wakuu, nimechukua rimu 2.8 za heksi 12, ofseti karibu na ya kwangu ya zamani, zinatoka nje milimita 3 tu zaidi. Matairi kipenyo 121 kwa kalipa yangu, vibonge vidogo katikati, mpira wa kati, bila mkanda. Nimegundisha mwenyewe. Vidole viwili vilishikana, vimeachana.

Kabla ya hapo, rafiki aliniazima seti yake ya 140 nikajaribu kwa ubishi, pinioni ya 13, seli 2, udongo mgumu. Dakika 6 mota ilisoma 91, nikazima. Na matairi yale ya zamani ya 108 nilikuwa nasoma 63 baada ya betri nzima. Leo na hizi 121 na pinioni ya 11, betri nzima, 60. Mwendo wa juu umepungua kidogo sana, mimi sijausikia. Kwenye majani ndipo nilipocheka mwenyewe, linapita juu.

Bodi ilisugua tairi la mbele kushoto usukani ukifika mwisho. Nimekata tao kwa mkasi uliopinda kama milimita 5, limetulia.

Kero moja imebaki: gurudumu la nyuma kulia linalegea. Nakaza nati, naendesha nusu betri, nati imerudi nyuma.

Beringi_Kavu

Nati yako ina plastiki ndani? Ukiizungusha kwa vidole ikaingia hadi mwisho bila spana, plastiki imekufa. Weka mpya, zote nne. Na hakikisha pini ya heksi imekaa kwenye mfereji wake, wakati wa kubadilisha rimu huwa inachomoka kimyakimya.

ToroliLaMbio

Nimevua sasa hivi. Pini haipo kabisa.

Spana7

Angalia ndani ya ile sufuria uliyochemshia rimu za zamani.

ToroliLaMbio

Ilikuwa sakafuni chini ya meza. Imerudi, nati mpya imekaa. Betri iko kwenye chaja.